Kajiwe Katika Sikio la Élisabeth

Hakorimana alikuwa mkulima wa maharagwe na viazi kwenye vilima vya Masisi, na mtu asije akakudanganya kwamba alikuwa kitu kingine. Alilima kama baba yake, alisali Jumapili kama baba yake, na kama baba yake alikuwa ameoa mke aliyemzidi akili. Ila mikono yake, jamani! Ilikuwa mikono isiyojua kutulia. Ukimpa kamba aifunge mbuzi, utarudi ukute kamba ina mafundo kumi na mbuzi yuko kwenye shamba la jirani.

Michezo yake aliianzia jikoni. Miaka ile ya vita vya Wazungu, alipokuwa kijana, alifanya kazi ya kupeleka vyombo mezani kwa Mzungu mmoja aliyelima pareto. Krismasi moja akaja pale mzee mmoja, mjomba wa yule Mzungu, akawakusanya watoto sebuleni, akaficha yai ndani ya kitambaa, akakikung'uta kitambaa, na yai halikuwepo. Watoto wakapiga kelele. Hakorimana alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na moyo ulimwenda mbio, maana hakupenda mambo ya kupoteza vitu vya watu. Kisha mzee akageuka kidogo, na kijana akaliona yai limening'inia nyuma ya kitambaa kwa uzi mwembamba, limetulia zake. Kumbe njo hivyo tu! Raha iliyompata siku ile hakuisahau. Ilikuwa raha ya mtu aliyedhani ameona nyoka njiani, akainama, akaona ni mkanda wake mwenyewe.

Aliporudi kwao na kumwoa Dancille, akaanza kutengeneza ya kwake. Mayai hakuyagusa, kwa sababu Dancille alisema mayai ni ya kula. Alianza na ndizi mbivu. Alichukua sindano na uzi, akaupitisha chini ya ganda, kona kwa kona, mpaka uzi ukaizunguka ndizi yote kwa ndani, kisha akavuta ncha mbili. Ganda likabaki zima, ndizi ndani imekatika. Akirudia hivyo mara kadhaa, ndizi yote inakuwa vipande. Mbele ya watoto anaishika juu, anaipiga hewani kwa ubavu wa mkono kama mtu mwenye panga, anampa mtoto mmoja aimenye, na vipande vinaanguka kimoja kimoja. Watoto walikuwa wanapiga mayowe hadi mbwa wanaamka.

Kitunga cha kupoteza kifaranga kilikuwa kazi ya Dancille. Yeye ndiye aliyesuka sakafu ya pili, ya kumficha chini yake, kwa majani yale yale, akaifumua, akaisuka tena, kwa sababu ya kwanza ilionekana hata na mtu mwenye usingizi. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba kifaranga mwenye njaa hulia, kwa hiyo ashibishwe mtama kwanza. Hakorimana alipopongezwa na watu, alikuwa anakohoa na kuangalia pembeni, na Dancille alikuwa anamwacha akohoe.

Lakini kajiwe kalikuwa kake peke yake. Kalikuwa kajiwe keupe, laini, alikokaokota mtoni. Alijifunza kukabana kati ya vidole nyuma ya kiganja, kiganja kikaonekana kitupu, kisha kukageuza mbele upesi kuliko jicho. Alijifunza akipalilia, akichunga, hata kanisani, mpaka Dancille akamchoma kiwiko. Akiwa tayari, alikuwa anamwita mtoto mbele, anamwonyesha mikono mitupu, anapeleka vidole sikioni mwake, na kajiwe kanatoka. Ile siri hakumpa mtu. Dancille aliomba, akanuna, akapika maharagwe bila chumvi juma zima, na bado hakupewa.

Basi, kila sikukuu ya shule ya misheni, mtu wa michezo alikuwa Hakorimana. Padri wa pale alitaka kwanza kuona sakafu ya kitunga, akaonyeshwa, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho, akamwambia aendelee. Watoto walimwita Papa Mayele, yaani mzee mwenye akili nyingi. Jina likamganda, na hakulikataa.

Mwaka wa hamsini na tatu, katekista mmoja kutoka Ntoto, jina lake Émile, alipita Masisi akauona mchezo. Alicheka na wengine. Akamwomba Hakorimana ashuke naye, kwa sababu watoto wa Ntoto walikuwa karibu kupokea komunyo ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuwachezea kitu. Émile alikuwa mtoto wa msitu, kazaliwa Walikale, lakini alisoma Masisi na kukaa huko muda mrefu, akazoea kucheka na watu wa vilimani. Njo maana hakufikiri mbele. Sitaki kumlaumu sana, ila angefikiri.

Wakashuka kwa miguu, kitunga kichwani, kifaranga ndani. Vilima vikaisha, ukaanza msitu, na Hakorimana aliyezoea kuona mbali akawa haoni zaidi ya mgongo wa Émile. Wakalowa, wakavuka mito juu ya magogo, wakafika.

Baada ya misa, watoto wakiwa bado na nguo nyeupe, watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Ndizi iliwafurahisha mno. Kifaranga alipopotea, mama mmoja alisimama akaanza kumtafuta chini ya majani, na kila mtu akamcheka. Hakorimana aliona mambo yanakwenda vizuri kama Masisi, pengine kupita Masisi. Akatafuta mtoto wa kajiwe. Mbele kabisa alikaa msichana mdogo, kichwa ameinamisha upande mmoja, mkono umeshika sikio. Akasema moyoni, huyu hapa, sikio lenyewe amenishikia tayari.

Akamwita. Mtoto aliitwa Élisabeth. Hakorimana akaonyesha mikono mitupu, akapeleka vidole kwenye lile sikio, akatoa kajiwe, akakainua juu.

Hakuna aliyecheka. Akadhani mkono umeteleza na wamemwona. Akakaonyesha tena, akatabasamu, akapinda mgongo kama mjomba wa Mzungu. Akina mama walianza kuwavuta watoto wao. Kisha bibi mmoja mwenye mifupa mipana akatoka katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake na kumshukuru kwa sauti ya chini, huku machozi yakimtoka, na akamwekea mikononi kuku mweupe. Alisema mkono mtupu haulambwi. Hakorimana, mtu wa adabu, alimpokea kuku kwa mikono miwili.

Hapo ndipo alipoharibu.

Émile alimvuta nyuma ya shule. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Papa Hakorimana, ile kuku umeikamata juu ya nini?"

Hakorimana akajibu kwamba mama amefurahia michezo. Émile akatikisa kichwa.

"Amekulipa. Huku kwetu, muntu mwenye kutoa kitu mu mwili ya mutoto iko muganga. Na kama muganga ametoa jiwe, njo kusema kuko muntu mwenye alikaweka."

Kisha akamweleza yote, maneno yakimtoka kwa haraka. Élisabeth alikuwa na ugonjwa wa sikio, lilikuwa linamtoka usaha na kumuuma tangu kiangazi. Mama yake mzazi alifariki, na baba yake, Léopold, mtegaji wa wanyama, alikuwa ameoa mke mwingine aitwaye Jeannette. Jeannette alikuwa bado hajazaa. Sikio lilianza kuuma baada ya yeye kuingia nyumbani. Yule bibi wa kuku alikuwa Mama Pétronille, dada mkubwa wa Léopold, na tangu kiangazi alikuwa anarudia neno moja, kwamba kikulacho kiko nguoni mwako. Watu walikuwa hawamsikilizi sana. Leo mgeni kutoka mbali, asiyemjua mtu, amemchagua mtoto yule yule kati ya watoto wote, na sikio lile lile, akatoa jiwe na kupokea malipo. Ushahidi gani tena? Jeannette atarudishwa kwao na jina la mlozi, na jina hilo halimwachi mtu hata akihama mto na mlima. Hiyo ikiwa bahati. Wengine walikuwa wameshasema apelekwe kwanza kwa wazee wanaojua mambo ya zamani, aulizwe huko, na si kwa maneno tu.

Nitasema kweli juu ya Hakorimana, wazo lake la kwanza lilikuwa kukichukua kitunga na kuondoka. Njia aliijua. Huku si kwao, ugomvi si wake, na mlozi wa pili wangempata kwa urahisi, ndiye huyo huyo anayepoteza vifaranga. Akachungulia kwenye kona ya shule. Mbele ya nyumba ya Léopold, mwanamke kijana alikuwa amekaa chini kando ya mlango. Alikuwa ameshafunga nguo zake ndani ya kitambaa, fundo amelikaza, na ameliweka mapajani. Hakuna aliyekuwa amemwambia afungashe. Alikuwa halii, alikuwa anangoja tu. Hakorimana akamwonea aibu kuliko alivyowahi kumwonea mtu aibu, akamkamata kuku kwapani na kwenda kwa Mama Pétronille.

Akamrudishia kuku. Akadhani hilo litatosha, si malipo yamerudi? Mama Pétronille akaruka nyuma kana kwamba kuku anaunguza.

"Unarudisha kuku? Unataka mutoto akufe?"

Maana mganga akirudisha malipo, na dawa yake inaondoka. Kwa hiyo Hakorimana akabaki na kuku. Akaanza kueleza kwamba kajiwe kalitoka mkononi mwake, kwamba ni ka Masisi, ka mtoni, na ni mchezo tu wa kuchekesha watoto. Watu walikuwa wamezunguka, wengine na watoto migongoni. Mama Pétronille alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama juu na chini.

"Ule mwanamuke amekupa nini?"

Watu wakaguna. Kweli, mganga amehongwa. Hakorimana akaona maneno yake hayafai kitu, ulimi wa mgeni hauna uzito. Akamvuta Émile mbele ya watu wote, akaonyesha mikono mitupu, akatoa kajiwe kwenye sikio la Émile. Munaona? Katekista naye aliwekewa na nani?

Alifikiri watacheka. Badala yake mama mmoja akashika mdomo na kusema hata katekista jamani, hata mtu wa Mungu! Wengine wakaanza kujishika masikio yao. Macho yote yakageuka kwenye mlango wa Léopold. Jeannette, ambaye mwanzoni alishtakiwa sikio moja la mtoto, sasa alishtakiwa masikio ya parokia nzima. Émile mwenyewe alikuwa anajipapasa sikio, na huyo ndiye aliyekuwa anajua ni mchezo.

Hakorimana alisimama na kajiwe mkononi, jasho likimshuka. Mtu mwingine angeanza kupiga kelele. Yeye akaangalia mikono ya Mama Pétronille. Ilikuwa mikono ya mwanamke anayesuka vitunga vya kuvulia samaki, vidole virefu, vikavu, vinavyojua pa kupita. Kama mikono ya Dancille. Akajua la kufanya, na likamuuma kabla hajalifanya.

Akakaa chini kwenye mavumbi. Akafungua kiganja chake, polepole, akageuza mkono mbele ya watu wote, akawaonyesha kajiwe kamebanwa wapi na kidole kipi kinakasukuma. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akamwinulia Mama Pétronille kajiwe.

"Mama, mimi niko mugeni, unaweza kusema ninadanganya. Mikono yako unaijua. Ukatoe wewe."

Mama Pétronille akakataa. Akasema yeye si mganga. Akatazama watu ili wamuunge mkono, na watu walikuwa wanatazama kajiwe. Hapo Léopold, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama kama mti, hakumtetea mke wala kumfukuza, akasema neno lake la kwanza siku hiyo. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Dada, jaribu."

Mama Pétronille akakaa chini, kwa hasira, magoti yakilia. Akabana kajiwe kama alivyoonyeshwa, kakamponyoka. Akakabana tena, kakaruka kakamgonga kuku, kuku akalia. Mtoto Élisabeth akacheka. Mtu mmoja nyuma akacheka naye, akajifanya anakohoa. Mama Pétronille alimkazia macho, akakaokota, na sasa akasahau hasira, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi za mikono na hakupenda kushindwa na kitu kidogo hivyo. Akauliza kidole hiki kiende wapi. Hakorimana akamwelekeza. Akauliza kama kiganja kipinde ao kinyooke. Walikuwa wameinama pamoja pale chini kama watu wanaotoa mwiba, wakabishana, wakarekebisha, na watu wakasogea kwa ajili ya kuona tu.

Kisha akamwita mtoto. Élisabeth akaja bila woga na kuinamisha kichwa. Mama Pétronille akaonyesha kiganja chake kwa watu, kitupu. Akapeleka vidole sikioni kwa upole, maana alijua linauma. Akatoa kajiwe, keupe, kanang'aa.

"Tena," akasema Élisabeth.

Lakini shangazi yake hakufanya tena. Alibaki anakatazama kale kajiwe mkononi mwake. Aligeuza mkono, akaufunga, akaufungua. Kisha akainuka na kusema kwa wote, si kwa kelele.

"Haya. Nimekatoa. Na kalikuwa mu mukono yangu tangu mwanzo. Sasa munifukuze mimi."

Nani amfukuze? Hata mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kutaja wazee wa desturi alianza kutazama hali ya mawingu. Mama Pétronille akawapita, akaenda mpaka kwenye mlango wa mdogo wake, akakaa kando ya Jeannette. Hakumwomba msamaha kwa maneno, hakuwa mwanamke wa maneno hayo. Alichukua ule mzigo kutoka mapajani mwa Jeannette, akajaribu fundo kwa vidole, likakataa kwa jinsi lilivyokazwa, akalifungua kwa meno. Hapo Jeannette akalia, na kilio kilikuwa kikubwa, na Mama Pétronille akamwacha alie begani mwake.

Hakorimana alibaki amekaa mavumbini, akicheka peke yake bila sauti, machozi yakimtoka, akiwa amemkumbatia kuku. Émile akamletea maji. Uwanja mzima ulikuwa umelegea, watu wanaongea wote pamoja, wanagombania kajiwe. Wazee ndio walitaka kwanza, wakisema wanachunguza tu. Kakapita mkono kwa mkono, kakatoka kwenye masikio, puani, na kwenye mkia wa mbuzi. Siri aliyomnyima mke wake ilikuwa sasa mali ya Ntoto nzima. Alingoja uchungu uje, na uchungu haukuja. Alisikia wepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo wa viazi sokoni na hajui mikono aiweke wapi.

Alirudi Ntoto mara nyingi baada ya hapo, mpaka miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Sikio la Élisabeth lilisafishwa na kutiwa dawa kwenye dispanseri ya Walikale, alikopelekwa na baba yake kesho yake, na likakauka polepole. Watoto wa Ntoto walikuwa wanamtangulia njiani, wanamtolea yeye kajiwe sikioni kabla hajatua kitunga, na yeye alikuwa anashtuka kila mara, kwa adabu. Dancille alipopata habari kwamba msitu mzima unajua kitu alichofichwa yeye, alinyoosha mkono tu, akangoja afundishwe, na kwa siku moja akawa anamzidi.

Lakini jioni ile ya kwanza, kabla jua halijazama, Hakorimana alikwenda kwa Jeannette. Alimkuta amepiga magoti kwenye moto, Mama Pétronille akimkatia kuni. Hakujua aanzie wapi. Akasema kosa lilikuwa lake, kwamba alitaka kuchekesha watoto, nusura auvunje mji wa mtu. Jeannette aliendelea kukoroga chungu cha majani ya muhogo. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Papa, ulileta hii neno mbele ya bantu, na ukaiondoa mbele ya bantu. Kama ungeiondoa mu siri, ningebaki nayo mupaka kufa."

Kisha akamwambia akae, sombe imeiva.